Waulize Wataalamu: Udongo wa Kina Kifupi Kwenye Miteremko ya Malisho

Toleo hili tumekusanya barua za wafugaji na wasimamizi wa malisho wanaolisha mifugo juu ya vilima, kwenye miteremko yenye kokoto, ambako mwamba hauko mbali na miguu. Barua zinazofanana tumeziunganisha kuwa swali moja.

Ndugu Wahariri, kila ninapochimba shimo la nguzo ya uzio nagonga mwamba shimo likiwa linafika magotini tu. Mvua ikinyesha maji hayasimami hata kidogo, na jirani ananiambia huo ndio udongo mzuri. Mbona basi nyasi zangu zinaanza kusinyaa wiki moja tu baada ya mvua?

Ndugu msomaji, jirani yako hajakosea, ila amesema nusu ya habari. Udongo kupitisha maji vizuri na udongo kutunza maji ni mambo mawili tofauti. Wako unapitisha. Ghala la kutunzia ndilo dogo.

Wapimaji wa udongo huita kina kifupi pale mwamba unapokutana nawe kati ya sentimita 25 na 50. Chini ya 25 ni kifupi sana, na kati ya 50 na 100 ni cha wastani. Shimo la kufika magotini ni kama sentimita 45, basi tufanye hesabu kwa kina hicho. Udongo tifutifu hutunza takriban milimita 1.5 za maji yanayoweza kunyonywa na mizizi kwa kila sentimita moja ya kina. Mara 45, unapata milimita 67 hivi. Lakini miteremko kama yako huwa na kokoto, na kokoto ngumu hazitunzi maji. Zikichukua asilimia 40 ya ujazo, umebakiwa na milimita 40. Nyasi zilizostawi, chini ya jua kali, hutumia milimita 4 hadi 5 kwa siku, na hazingoji ghala liishe kabisa ndipo zisinyae. Kwa hiyo wiki moja uliyoiona ndiyo hasa inayotarajiwa. Tifutifu isiyo na mawe yenye kina cha mita moja na nusu ingekuwa na zaidi ya milimita 220.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi: ghala la milimita 40 halijazwi zaidi ya hapo. Ikinyesha milimita 70 kwa mkupuo, zinazozidi hupita chini hadi kwenye mwamba, zikateleza juu ya uso wake na kutokea chini ya kilima kama chemchemi ya muda. Mvua ndogondogo zinazofuatana zina faida kubwa kwako kuliko mvua moja kubwa, hata kama jumla yake ni ile ile.

Nitajuaje kama ninachogonga ni mwamba wenyewe au ni tabaka gumu tu lenye udongo mzuri chini yake?

Chimba shimo la kusomea udongo, si la nguzo. Upana wa sentimita 60 unatosha. Ukuta wa upande wa juu wa mteremko uache wima bila kuuparua, kwani ndio utakaousoma. Chimba matatu: karibu na kilele, katikati na sehemu ya chini ya mteremko. Epuka njia za mifugo, vichuguu na chini ya miti. Hapo udongo umeshavurugwa na hauwakilishi kilima.

Ukifika kwenye kitu kigumu, piga kwa mtaimbo. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali na kuurudisha mtaimbo, na koleo haliuchimbi. Mwamba uliooza hutoa sauti nzito, huchimbika kwa kutumia nguvu, na ukivunja kipande utaona bado kina mistari na punje za jiwe la asili. Mizizi haiingii ndani yake ila kwenye nyufa. Tazama nyufa hizo ziko mbali kiasi gani: zikiachana kwa zaidi ya sentimita 10, kwa nyasi hilo ni sakafu, hata kama unaweza kulichimba.

Tabaka gumu lisilo mwamba huwa la aina mbili tatu. La chokaa ni jeupe au la rangi ya maziwa; twanga kipande kiwe unga, tone siki, na kikitoa mapovu umepata jibu. Usitone siki kwenye jiwe zima ukakata tamaa, kwani siki ni asidi dhaifu na bila kutwanga unaweza usione kitu. Moramu ni nyekundu, ina vinundu vya chuma, na haitoi povu. Tabaka la mfinyanzi nalo huwa gumu kama tofali wakati wa kiangazi lakini hulainika na kunata likiloweshwa. Mwagia maji, ngoja usiku mmoja, kisha jaribu tena. Chini ya haya matatu unaweza kweli kukuta udongo. Chini ya mwamba, hapana.

Ukiwa shimoni humo, angalia rangi. Udongo unaopitisha maji vizuri huwa na rangi moja ya kahawia, nyekundu au manjano hadi chini. Mabaka ya kijivu yaliyochanganyika na madoa ya kutu juu ya mwamba ni alama kwamba maji hukaa hapo sehemu ya mwaka, hata kama uso wa juu unakauka upesi.

Kokoto zipime kwa ujazo, usizipime kwa uzito. Chimba shimo dogo la sentimita 20 kwa 20, kina 25. Litandike kwa nailoni nyembamba, lijaze maji kwa kipimo na uandike ni lita ngapi. Likiwa limenyooka zitakuwa 10. Udongo uliotoka uchekeche kwa wavu wa matundu ya milimita 2. Mawe yaliyobaki yatumbukize kwenye ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni, ukinge maji yanayomwagika. Yakiwa lita 4, una asilimia 40. Anayepima kwa mizani hujidanganya, maana jiwe lina uzito karibu maradufu ya udongo wenye ujazo sawa na wake: asilimia 40 za ujazo zitasomeka kama 57 hivi.

Mwisho ni ukubwa wa chembe za udongo. Lowesha udongo uliochekechwa, ufinyange, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Ukikatika kabla ya kufika sentimita 2.5 ni tifutifu au kichanga. Kati ya 2.5 na 5 ni tifutifu ya kifinyanzi. Ukipita 5 ni mfinyanzi.

Kwa nini bondeni udongo ni mzito na mweusi, na huku juu ni wa kukwaruza tu, ilhali ni kilima kimoja na mvua ni moja?

Kwa sababu ya mteremko wenyewe. Huku juu mwamba huoza polepole na kinachozaliwa huondolewa na maji karibu kwa kasi ile ile, bondeni hupokea. Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, aliueleza mpangilio huo miaka ya 1930: aina za udongo hufuatana kutoka kileleni hadi bondeni kama mnyororo, na mfuatano ule ule hurudi kilima baada ya kilima. Faida yake kwako ni kwamba ukishachimba mashimo matatu kwenye kilima kimoja, unaweza kukisia kilima cha jirani chenye mwamba wa aina hiyo hiyo bila kukichimbua chote.

Nina vijana wa kazi na trekta. Nifikirie kuokota mawe yote juu ya ardhi ili nyasi zipate nafasi?

Hapana. Yaache. Jiwe lililolala juu ya udongo hupokea pigo la tone la mvua ambalo lingeuvunja udongo, huzuia upepo, na chini yake unyevu hukaa muda mrefu zaidi. Pembezoni mwake ndipo mbegu nyingi hukamata. Ukiyaondoa, unafunua unga mwembamba ambao mvua mbili kubwa zinaweza kuuchukua, kisha kokoto za chini zitajitokeza na utakuwa umerudi ulipoanza, ukiwa na udongo pungufu. Mawe ya kuchukua ni yaliyokwisha kujikusanya kwenye njia za maji na chini ya majabali, na hata hayo yana kazi tutakayoitaja hapa chini.

Mnasema udongo huu hupitisha maji haraka, lakini mvua ikinyesha naona maji mekundu yanateremka juu ya ardhi kama mto. Ipi kweli?

Zote. Ndani ya udongo maji hupita haraka yakishaingia, ila mlango umefungwa. Pale nyasi zilipoisha, matone ya mvua huvunja vipande vya udongo, na vumbi lake huziba vitundu na kukauka kuwa ganda jembamba lenye unene wa milimita chache. Bandua kipande kwa ncha ya kisu: juu ni laini kama kigae, chini yake ni udongo uliolegea kama kawaida. Kwato huongeza tatizo kwenye njia na karibu na maji.

Jaribio ni rahisi. Kata bomba au kopo lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 15, lizamishe sentimita 5 hadi 7, ziba pembeni kwa udongo uliofinyangwa ili maji yasivuje, tandika nailoni ndani, mimina mililita 440 za maji kisha vuta nailoni taratibu. Huo ni sawa na mvua ya milimita 25. Mara ya kwanza ni ya kulowesha tu. Yakiisha, rudia na upime muda wa mara ya pili. Fanya hivyo katikati ya shada la nyasi na kwenye uwazi ulio hatua moja kando yake. Kwenye uwazi, maji yakichukua zaidi ya saa moja, mvua yoyote kali kuliko milimita 25 kwa saa itateremka badala ya kuingia. Wengi hushangazwa na tofauti ya sehemu hizo mbili zilizo karibu hivyo, na tofauti hiyo ndiyo kipimo cha ganda. Kosa la kawaida ni kopo kugonga kokoto na kuacha ufa pembeni. Maji yakitoweka kwa sekunde chache, shuku ufa kwanza kabla ya kuusifu udongo.

Na hasara yenyewe si ndogo. Milimita moja ya udongo juu ya hekta moja ni meta za ujazo 10, yaani tani 13 hivi. Kwenye udongo wa mita mbili huwezi kuijua. Kwenye wa sentimita 30, ukipoteza sentimita moja umepunguza ghala la maji kwa sehemu moja ya thelathini, tena ile iliyokuwa na mboji na mbegu.

Mteremko wangu ni mkali kiasi. Nitahesabuje idadi ya ng'ombe?

Anza na mteremko. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, laza ncha moja ardhini upande wa juu, inua ya pili hadi pima maji ioneshe sawa, kisha pima umbali wa wima kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 30 juu ya mita 2 ni asilimia 15. Rudia sehemu kadhaa uchukue wastani.

Kisha pima majani mwishoni mwa msimu wa kukua. Tengeneza fremu ya sentimita 50 kwa 50. Tembea mstari ulionyooka kukatiza mteremko, na kila baada ya hatua 20 weka fremu hapo hapo mguu ulipoishia, hata kama ni pa mawe matupu. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika: macho huenda penye nyasi, na mfugaji hupata malisho asiyokuwa nayo. Kata nyasi zinazoliwa karibu na ardhi, acha za miti na zisizoliwa, anika hadi uzito usipungue tena. Fremu 20 si nyingi kwa kilima chenye madoadoa. Wastani wa gramu zidisha kwa 40 upate kilo kwa hekta.

Tuseme umepata gramu 20. Hiyo ni kilo 800 kwa hekta. Ile kanuni ya kula nusu na kuacha nusu isahau kwenye udongo huu. Sisi tunashauri theluthi au chini yake, kwa kuwa nyasi hapa hazina akiba ya maji ya kuchipua tena baada ya kuliwa, na mabaki ndiyo yanayoukinga udongo usipigwe na mvua. Chukua asilimia 30: kilo 240. Sasa punguza kwa ajili ya mteremko. Mwaka 1988 Jerry Holechek, mtaalamu wa malisho wa Marekani, alipendekeza viwango kwa ng'ombe ambavyo bado vinatumika: mteremko hadi asilimia 10 usipunguze kitu, 11 hadi 30 punguza asilimia 30, 31 hadi 60 punguza 60, zaidi ya hapo usihesabu kabisa. Tuseme mteremko wako ni wa asilimia 15, kama kwenye mfano wa ubao: zinabaki kilo 168. Ng'ombe wa kilo 450 hula kama kilo 11 za majani makavu kwa siku. Hekta moja inamlisha siku 15. Kwa mwaka mzima anahitaji karibu hekta 24.

Najua namba hiyo inauma. Lakini ukipuuza mteremko, ng'ombe hawatapanda kukusaidia. Watamaliza sehemu ya chini na njia za kuelekea maji hadi pawe uwanja, na juu nyasi zitazeeka bila kuguswa. Mbuzi na kondoo hupanda vizuri zaidi, na punguzo lao ni dogo. Chumvi weka juu, mbali na maji, na uihamishe kabla mahali hapo hapajawa na vumbi.

Nimeshauriwa kuchimba mifereji ya kontua, yaani inayokatiza mteremko kwa kimo kimoja, yenye kina cha sentimita 60 kuzuia mmomonyoko. Udongo wangu una kina cha sentimita 35. Nikubali?

Usikubali. Utavunja mwamba, utupe vifusi visivyoota kitu juu ya nyasi zilizopo, na mfereji wenyewe utakusanya maji ya mteremko wote na kuyaelekeza sehemu moja iliyo chini kidogo kuliko nyingine. Hapo ndipo korongo huanza. Kulima kwa trekta vivyo hivyo: ukitoka kwenye mteremko wa asilimia 9 kwenda 18, kanuni ya kukadiria mmomonyoko inakupa hasara karibu mara tatu, na hiyo ni kabla hujaondoa mizizi inayoshika udongo.

Kwa kina chako fanya kazi juu ya ardhi. Panga mistari ya mawe kufuata kontua, ukipima kwa fremu ya herufi A, kifaa cha mbao cha kutafutia usawa wa ardhi. Yatumie yale yaliyokusanyika kwenye njia za maji, usiyang'oe yaliyozama. Paruza mtaro wa sentimita 5 tu, mawe makubwa upande wa chini na madogo yakiziba upande wa juu, kimo kisizidi sentimita 30. Weka mstari kila ardhi inaposhuka mita moja na nusu. Kwa mteremko wa asilimia 15 ni kila mita 10. Ncha za mstari zipindishe kidogo kuelekea juu, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kukata. Mstari unatakiwa kuvuja. Ukiujenga kama ukuta, maji yatapanda juu yake na kuchimba upande wa pili.

Kwenye uwazi kati ya mistari vunja ganda kwa reki au jembe la meno, sentimita 2 hadi 3, tawanya mbegu za nyasi za kudumu zinazoota kwenye kilima hicho hicho, zifunike kwa udongo usiozidi sentimita moja, kisha laza matawi yenye miiba. Matawi hukamata udongo na mbegu na pia huzuia midomo ya mifugo. Fanya kabla tu ya mvua za kutegemewa. Mbegu iliyoota kwa mvua moja ya mapema hufa kwenye udongo huu kabla ya mvua ya pili. Mifugo isiingie hadi nyasi mpya zizae mbegu, na ukizivuta kwa mkono zikatike badala ya kung'oka.

Vichaka vimezidi nyasi, na wakati wa kiangazi vinabaki kijani kwenye mwamba. Vinakunywa wapi?

Kwenye nyufa. Ile milimita 40 ya juu ni ya wote, lakini maji yaliyozidi na kuzama kwenye nyufa za mwamba hufikiwa na mizizi ya miti tu. Kila unapolisha kupita kiasi, nyasi hunyonya kidogo, maji mengi zaidi huzama, na vichaka hunufaika. Kuvikata bila kupumzisha nyasi ni kazi ya kurudia kila mwaka, maana vingi huchipua kutoka kwenye kisiki. Usivimalize vyote, kwenye sehemu kali za mteremko ndivyo vinavyoushika udongo, na chini yake huwa na mboji nyingi kuliko uwazini. Punguza kidogo kidogo, na matawi yapeleke kwenye uwazi.

Mbolea ya chumvichumvi itasaidia?

Mara chache sana. Kinachokosekana kwanza ni maji. Naitrojeni utakayoweka hushuka na mvua hadi kwenye mwamba na kutokea chemchemini, na itakayobaki huchangamkiwa zaidi na magugu ya msimu kuliko nyasi za kudumu. Fedha hiyo inunulie waya au tenki la kusogeza maji karibu.

Baada ya mvua, nisubiri siku ngapi kabla ya kurudisha mifugo?

Kwa habari ya kukanyaga, siku moja au mbili zinatosha, kwa kuwa udongo wenye kokoto hutoa maji yaliyozidi upesi na haufanyi tope. Kwa habari ya nyasi ni mbali zaidi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, nyasi huchipua kwa akiba iliyo kwenye shina na mizizi. Zikikatwa hapo hazina cha kuchipulia tena, na maji ya ardhini yatakwisha ndani ya wiki. Subiri hadi mashada mengi yawe na majani matatu au manne yaliyokunjuka kikamilifu, na mvua ya pili au ya tatu iwe imenyesha. Kama mvua ya pili haikuja, waache walipo, hata kama kilima kimegeuka kijani.